Mlango wa mvule kutoka Keko: mbao safi, bawaba hovyo

Nyumba yetu iko Kigamboni, kwenye mchwa na upepo wa chumvi, kwa hiyo mlango wa mbele nilitaka mvule na si kingine. Tatizo ni kwamba Keko, kwenye mabanda ya maseremala Dar es Salaam, kila ukiuliza mvule, upo. Mwingine ni mbao tu iliyonyweshwa vanishi ya kahawia. Kabla ya bei nikamwomba fundi apige randa ubao mmoja mbele yangu. Mvule ukirandwa hutoa njano, ukahawia unakuja baadaye. Ulipoingia msumeno ukalia kama umegonga kokoto, meno yakaruka. Fundi akaguna, halafu, "Samahani, mama." Ndani palikuwa na jiwe jeupe, chokaa ambayo mti wenyewe huijenga mwilini mwake. Hapo nikajua ni mvule kweli, nikatoa kishika uchumba.

Aliniambia laki sita bila fremu, tukakubaliana tano na nusu. Ghali, ndiyo. Lakini mvule haulimwi kirahisi kama msaji. Kwao ni misitu ya mvua ya nyanda za chini, kuanzia Afrika Magharibi hadi Msumbiji, na kwetu uko Usambara Mashariki. Mti dume mbali, jike mbali. Popo hula matunda ya jike na kutawanya mbegu. Ukipanda miche mingi shamba moja, kuna kidudu kinataga kwenye majani machanga, yanavimba vinundu, yanaoza, na ncha ya mche inakufa. Ndiyo maana mbao nyingi hutoka kwenye miti iliyojiotea yenyewe, na ndiyo maana niliulizia hati ya kusafirishia mbao, nisije nikauziwa za magendo. Fundi huyu alinionyesha nakala. Wa banda la jirani alinijibu, "Mama, unanunua mlango au unakagua ofisi?" Nikampita.

Kazi ilichelewa, "kesho mama, kesho mama", mmezoea. Ila mlango umepita masika yote bila kuvimba wala kukwaruza sakafu, na viungo vimekaza, huoni hata msumari. Bawaba ndizo aibu: chuma cha bei chee, kutu imeshachuruzika hadi kwenye fremu. Mpelekee fundi zako za stenlesi kabla hajaanza kufunga.

Vyumba vya ndani usijitese. Paini iliyotiwa dawa inatosha, mvule peleka panaponyeshewa.