Kanada au Australia ukiwa Kisumu na miaka 42?

Kwanza umri. Viza 189 ya Australia, ile ya wenye ujuzi kuhamia na kuishi huko kabisa, inataka uwe hujafikisha miaka 45 siku unapoalikwa, pointi zisipungue 65, na ujuzi wako uwe umeshapimwa. Kwa hiyo ukiwa na 42, kila mwezi una thamani. Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama, haifungi mlango kwa umri, ila alama hupungua kuanzia miaka 30.

Kinachoniuma ni pesa. Kanada hutaka uonyeshe akiba ya kuanzia maisha, na mkopo wa Sacco haukubaliki. Nimeona watu wazuri wakikwama hapo. Mwaliko ukija, kote una siku 60 za kutuma ombi. Cheti cha tabia njema kiulizie mapema pale Huduma Centre.

Mimi ningeanza na Australia.