Uzoefu Wangu na Seti ya Filta za Mraba kwa Picha za Machweo Kendwa

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania Bara inatazama mashariki, na ndiyo maana mpiga picha wa Malindi au Bagamoyo hupata macheo ya baharini kwa urahisi kuliko machweo. Anayetaka jua lizame majini atafanikiwa zaidi upande wa magharibi wa Unguja. Mimi hupenda Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, kwa sababu upeo wa bahari uko wazi na maji hayakimbilii mbali hata wakati wa bamvua. Huko ndiko nilikoitumia seti hii, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na ninaitathmini kwa kazi hiyo moja tu.

Seti ina kishikio cha alumini, pete za kukifungia kwenye lenzi zenye kipenyo cha 67, 77 na 82 mm, filta moja ya kioo inayopunguza mwanga kwa stopu sita (kila stopu moja huupunguza kwa nusu), na filta mbili za plastiki ngumu zenye ukubwa wa mm 100 kwa 150, ambazo nusu yake ni nyeusi na nusu haina rangi. Katika hizo mbili, ya kwanza imekolea juu kabisa na hufifia kadiri inavyoshuka hadi katikati. Ya pili ni kinyume chake: weusi wake umekolea katikati, palepale unapokaa mstari wa upeo, kisha hupungua kuelekea juu.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niipende seti nzima. Jua likikaribia maji, anga ya juu huwa imeshaanza kuingia giza, ilhali ukanda mwembamba ulio juu ya bahari bado unawaka. Filta ya kwanza hulifanyia giza lile eneo la juu lisilohitaji kupunguziwa chochote, na ukanda unaowaka huubakisha karibu kama ulivyo, hata ukatoka mweupe pepe pasipo rangi yoyote. Filta ya pili huubana ukanda huo kwa stopu tatu, yaani huruhusu sehemu moja ya nane tu ya mwanga, na kwa hiyo rangi ya chungwa iliyozunguka jua hubaki na mawimbi ya mbele hayageuki kuwa masizi.

Nawajua wenzangu wanaosema kwamba siku hizi filta hazina maana, kwa kuwa mtu anaweza kupiga picha mbili, moja ya anga na moja ya maji, akaziunganisha kwenye kompyuta. Kwa mandhari yasiyosogea sina ubishi nao. Lakini Kendwa kuna ngalawa zinazopita na wimbi lisilorudi mahali pake, na jua lenyewe, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, hushuka karibu wima: tangu liguse maji hadi litoweke ni dakika mbili na ushei. Kwa muda huo naona ni bora kupata picha moja iliyokamilika kuliko nusu mbili zisizolingana, tanga likiwa hapa katika moja na pale katika nyingine.

Filta ya kioo nayo inafanya kazi vizuri. Mwendo wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, wa 1/30 ya sekunde unakuwa kama sekunde mbili, muda unaotosha kwa povu linalorudi baharini kuchora mistari mirefu kwenye mchanga uliolowa. Ngalawa zilizotia nanga, hata hivyo, huyumba na kutoka na ukungu, kwa hiyo zikiwamo katika picha naiondoa. Nikiitumia pamoja na filta ya plastiki, picha huingia wekundu kidogo, ambao husahihishika bila taabu ikiwa kamera inahifadhi faili ghafi (RAW).

Kuna mahali seti hii haifai. Pale Forodhani, au Nungwi kwenye vyombo vingi, milingoti na matanga huvuka mstari wa upeo, na filta hukata tanga katikati: chini linaonekana, juu ni jeusi. Vilevile, kwa lenzi pana ya mm 16 kingo za kishikio huonekana kwenye pembe za picha. Hupotea ninapofika mm 20. Na niseme wazi kwamba hakuna hata moja kati ya filta hizi inayolinda macho. Jua likiwa bado kali, litazame kwenye skrini ya kamera, kamwe si kwenye tundu la kuchungulia.

Adui mkubwa ni chumvi. Wakati wa kusi ufuo wa Kendwa umekingwa na kisiwa chenyewe na hewa ni safi, lakini kaskazi ikivuma marasharasha ya mawimbi hufika hadi kwenye kamera, na ndani ya robo saa filta ina utando. Plastiki haivunjiki ikianguka mchangani, ila inachubuka upesi. Ukiifuta ikiwa kavu, chembe za chumvi na mchanga huikwaruza. Naimwagia kwanza maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye chupa, naikung’uta, ndipo naigusa na kitambaa laini. Kioo kimevumilia vizuri zaidi.

Kasoro pekee ninayomlaumu mtengenezaji ni skrubu za kishikio. Alumini haikudhurika, lakini skrubu zilishika kutu hadi mojawapo ikakwama, na kwa kifaa kinachouzwa kwa ajili ya picha za baharini hilo ni jambo la kusikitisha. Nimeziondoa zote na kuweka za chuma kisichoshika kutu, nilizozipata kwa fundi wa injini za boti kwa bei ndogo. Ningemshauri mnunuzi afanye hivyo kabla hajaipeleka seti ufukweni.