Mwongozo wa Kununua Mashine ya Gundi ya Moto kwa Karakana za Mifuko ya Karatasi na Maboksi

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania nayo ikafanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya karatasi ya kaki imekuwa riziki ya karakana nyingi ndogo. Wengi huanza kwa kukunja kwa mikono na kupaka gundi nyeupe ya maji kwa brashi. Oda zikikua, kikwazo cha kwanza huwa ni mshikio: ukibandikwa kwa gundi ya maji hauna budi kugandamizwa mpaka ukauke, na wakati huo meza hujaa mifuko ambayo haiwezi kuguswa. Gundi ya moto huondoa kikwazo hicho, kwa sababu haina maji ya kukauka. Huyeyushwa, mara nyingi kwenye nyuzi joto 160 hadi 180 za Selsiasi, hupakwa ikiwa majimaji, na hushika kwa kupoa tu, ndani ya sekunde chache.

Mashine za kuyeyushia gundi hiyo ni za aina nyingi na bei zake zimepishana mno, kiasi kwamba mtu anaweza kutumia mtaji wake wote kununua kitu asichokihitaji. Nimezipanga hapa kwa kuangalia karakana yenye wafanyakazi watano hadi ishirini, inayotumia umeme wa kawaida unaokatika mara kwa mara, na iliyo mbali na fundi wa kampuni iliyotengeneza mashine.

Kabla ya bei, pima kazi yenyewe

Katika mfuko wa karatasi wenye mshikio, kiungo cha ubavuni na kitako kwa kawaida hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji, hata kwenye mitambo mikubwa inayojiendesha. Gundi ya moto huingia kwenye kile kipande cha karatasi kinachofunika miguu ya mshikio na kuushikanisha na mdomo wa mfuko. Kwa hiyo anayetengeneza mifuko bapa ya mandazi au ya dawa, isiyo na mshikio, hana haja ya mashine hii, na fedha zake zitafanya kazi nzuri zaidi zikinunua kikata karatasi. Anayetengeneza karatasi za chooni pia asiharakishe, kwa kuwa kuanzisha na kufunga roli hufanywa zaidi kwa gundi baridi. Taulo za kike na nepi ni habari nyingine kabisa: hizo hutumia gundi ya moto kwa wingi, lakini zinahitaji vichwa vya kunyunyizia na pampu za kupima kiasi kamili, na hakuna mashine katika mwongozo huu inayozifaa.

Kuna pia mkanganyiko wa jina ambao umewagharimu watu. Wanaotengeneza maboksi magumu ya zawadi na majalada magumu ya vitabu hutumia gundi ya jeli, itokanayo na protini za wanyama, ambayo hutiwa maji na kupashwa joto la nyuzi 60 hivi. Madukani nayo huitwa gundi ya moto, na mashine yake huuzwa kwa jina hilohilo. Mashine ya jeli haifiki joto la kuyeyusha punje za gundi ya moto, na jeli ikitiwa kwenye tangi la nyuzi 170 huungua. Muulize muuzaji joto la juu kabisa la mashine kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Nafasi ya kwanza: tangi dogo lenye mpira wa joto na bunduki

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa karakana nyingi. Ni tangi la lita 4 au 5 lenye hita na pampu chini yake. Gundi husukumwa kupitia mpira ambao nao una waya za kupasha joto ndani, hadi kwenye bunduki ya mkononi au kichwa kilichofungwa juu ya meza. Kwa kuwa tangi lina kifuniko, gundi haigusani sana na hewa. Kwa kuwa mpira una joto, gundi hufika kwenye nozeli, yaani mdomo mwembamba wa kutolea gundi, ikiwa nyepesi vilevile. Na kwa kuwa kila sehemu ina sensa yake, unaweza kuweka joto la tangi, la mpira na la bunduki kila moja peke yake.

Wanunuzi wengi hudhani tangi kubwa ni bora. Tufanye hesabu. Boksi la kawaida linalofungwa kwa mistari minne ya gundi, kila mstari ukiwa na urefu wa sentimita 10, kwa gramu 1.5 kwa kila mita, linakula gramu 0.6. Karakana inayofunga maboksi 3,000 kwa siku inatumia kilo 1.8. Tangi la lita 4 hubeba karibu kilo 3.8, yaani kazi ya siku mbili. Tangi la lita 10 lingeifanya gundi hiyohiyo ikae ikipikwa kwa siku tano za kazi, na gundi inayopikwa muda mrefu hubadilika rangi kutoka ya maziwa hadi kahawia, hunuka, kisha huganda kuwa makaa meusi yanayoziba chujio na nozeli. Nyingi ya hitilafu zinazoitwa ubovu wa mashine huanzia kwenye makaa hayo. Chagua tangi linaloisha ndani ya siku moja au mbili, na usimamie sheria ya kupunguza joto mpaka nyuzi 120 hivi kila kazi inaposimama kwa zaidi ya nusu saa.

Kuhusu pampu, ziko za pistoni na za gia. Pampu ya pistoni huendeshwa na hewa ya kompresa, ina vipande vichache vinavyochakaa, na sili zake (pete za kuzuia uvujaji) hubadilishwa na fundi yeyote makini. Pampu ya gia huendeshwa na mota na hutoa mtiririko ulio sawa zaidi, jambo linalofaa mstari unaokwenda kasi bila kusimama. Kwa mishikio ya mifuko na kufunga maboksi, pistoni inatosha, ilimradi hewa iwe kavu: kompresa isiyo na kitenga maji itatia kutu kwenye silinda, hasa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi.

Mpira wa joto ndio sehemu ghali inayokufa mapema, kwa sababu hupindwa, hukanyagwa na kuning'inizwa vibaya. Hapa pana jambo linalostahili kuandikwa kwenye karatasi ya kuombea bei. Sensa za joto za mashine hizi mara nyingi ni za aina ya Pt100 au Ni120, na haziingiliani: ukifunga mpira wa aina moja kwenye kidhibiti cha nyingine, kioo kitaonyesha joto la uongo, na gundi itaungua au itakuwa nzito huku namba zikionekana sawa. Kampuni za Ulaya na Marekani kama Nordson na Robatech zina mipira yake, na viwanda vingi vya China hutengeneza mipira inayoiga plagi hizo. Kwa karakana ya kwetu, mashine ya China inayotumia sensa na plagi za mtindo ulioenea ni ununuzi wa busara kuliko ya bei hiyohiyo yenye plagi ya pekee yake, kwa sababu vipuri vyake vitapatikana kwa wauzaji zaidi ya mmoja.

Umeme nao uangaliwe. Tangi dogo na mpira mmoja huhitaji takribani kilowati 2 hadi 3 wakati wa kupasha, na huchukua kama nusu saa kufikia joto la kazi. Umeme ukikatika kwa dakika kumi, gundi iliyo kwenye nozeli huganda kabla ya ile ya tangini, na mtu akilazimisha pampu kabla mpira haujapata joto upya anaweza kupasua sili. Mashine nzuri hufunga pampu yenyewe mpaka sehemu zote zifike joto lililowekwa. Usinunue isiyo na kinga hiyo. Kumbuka pia kwamba mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuwa ya volti 120, ilhali sisi tunatumia 230 hadi 240.

Nafasi ya pili: bunduki ya vijiti ya kiwandani

Wengine wataona ajabu kuiweka juu hivi. Sizungumzii ile ndogo ya vijiti vya milimita 7 inayouzwa kwa mafundi wa mapambo, bali yenye wati 200 au zaidi, ya vijiti vya milimita 11 au 12, yenye kidhibiti cha joto. Haina tangi, kwa hiyo gundi haipikwi kwa saa nyingi. Haihitaji kompresa. Ikiharibika, unaibadilisha siku hiyohiyo. Kasoro yake ni kwamba vijiti huuzwa ghali kwa kilo kuliko punje, na mkono wa mfanyakazi huchoka. Kwa mwenye oda za mifuko mia chache kwa siku, bunduki mbili za namna hii, moja ikiwa ya akiba, zitamlipa vizuri huku akikusanya fedha za tangi.

Nafasi ya tatu: mashine ya rola

Hapa gundi huyeyushwa kwenye trei, rola huichota, na karatasi hupitishwa juu yake. Hufaa pale gundi inapotakiwa kusambaa kwenye eneo pana, kwa mfano kubandika karatasi ya kuimarisha mdomo wa mfuko. Tatizo ni kwamba trei iko wazi: vumbi la karatasi huingia, hewa huichosha gundi, na makaa hujengeka kwenye kingo. Karakana iliyo safi, yenye kazi ya aina moja ya siku nzima, inaweza kuitumia kwa faida. Nyingine zitaishia kukwangua trei kila Jumamosi.

Mwisho wa orodha: tangi kubwa lililotumika

Mashine za lita 15 au 30 zilizotolewa viwandani Ulaya huvutia kwa sura na kwa jina la kampuni, na bei yake huonekana ya huruma. Nyingi zimekaa ghalani zikiwa na gundi iliyoganda ndani, na kusafisha njia zake ni kazi ya fundi mzoefu. Mipira imezeeka, kadi ya kidhibiti huenda haitengenezwi tena, na tangi lenyewe ni kubwa kuliko mahitaji. Nashauri uiache, isipokuwa umeiona ikifanya kazi kwa saa nzima mbele ya macho yako.

Wanaojalidi vitabu

Mashine ya kujalidi kwa gundi hukwangua mgongo wa kitabu, huupaka gundi, kisha hulibana jalada, na inasimama nje ya orodha hiyo kwa kuwa haifanyi kazi nyingine. Kwa kauntabuku na vitabu vya kiada vyenye karatasi ya kawaida, gundi ya EVA, yaani gundi ya moto ya kawaida, inatosha. Kwa karatasi zenye mng'ao, EVA huvunjika mgongoni, na gundi ya PUR (ya poliurethani) hushika vizuri zaidi. Ila PUR hukomaa kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo pwani chombo kikiachwa wazi kinaharibika upesi, na mvuke wake una isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, hivyo feni ya kutoa hewa nje ni lazima. Mwenye karakana anayeanza asinunue mashine ya PUR kabla hajapata wateja wanaolipia kazi hiyo.

Jaribio kabla ya kulipa

Mpelekee muuzaji karatasi yako mwenyewe, iwe ya gramu 80 au 120 kwa mita ya mraba, wala usikubali kuonyeshwa kwa karatasi yake. Abandike mishikio kumi. Subiri dakika moja, kisha uvute mmoja taratibu. Kiungo kizuri huchana nyuzi za karatasi, na ukitazama gundi utaiona imevaa manyoya ya kahawia ya kaki. Gundi ikibanduka ikiwa safi na inang'aa, ama joto lilikuwa dogo au ilichelewa kugandamizwa. Nozeli ikiondoka huku ikiacha nyuzinyuzi nyembamba kama utando wa buibui, joto ni dogo, au vali inafunga taratibu. Kisha tundika mfuko wenye mzigo wa kilo 5 ndani ya gari lililofungwa juani mchana kutwa, kwa kuwa gundi za bei nafuu hulainika kwenye joto la namna hiyo, na mzigo wa mteja wako utasafiri chini ya turubai la lori kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma.

Pima joto la nozeli kwa kipimajoto chako. Likipishana na la kwenye kioo kwa zaidi ya nyuzi 10, dai marekebisho kabla ya kulipa. Wafanyakazi wawe na glavu na maji baridi karibu: gundi ikimwagika kwenye ngozi hutiwa maji mengi papo hapo na haibanduliwi kwa nguvu, bali aliyeungua hupelekwa hospitali ikiwa bado imeshika.

Ukiagiza kutoka nje, cheti cha ukaguzi wa ubora kipatikane kabla mzigo haujapakiwa, kwa utaratibu wa mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Katika ankara hiyohiyo agiza mpira mmoja wa akiba, nozeli tatu, machujio mawili, seti ya sili za pampu na sensa moja ya joto, na vitajwe kimoja kimoja kwa namba zake za kipuri.