Kozi ya lugha za Kiurali: nzuri, ila Kisamoyedi wamekipunja

Naishi Ufini mwaka wa nne sasa na Kifini bado najifunza, ndo maana nililipia hii kozi ya mtandaoni ya wiki sita, kila siku naambiwa Kifini kina ndugu zake Hungaria na wengine mpaka Siberia (ukoo wote ndo Kiurali, na Kisamoyedi ni tawi lake la huko Urusi, hasa Siberia) ila undugu wenyewe ukoje sikuwa naelewa. Nawapa nyota nne.

Mwalimu kaanza na samaki. Kifini kala, Kihungaria hal, na kwa ndugu wawili wa Kisamoyedi, Kinenetsi xalya, Kinganasani koly. Aisee nilirudia hizo sauti kama mara kumi, maana Wanenetsi wako huko Yamal, kaskazini mwa Siberia, wanahamahama na reindia zao (kulungu wa kufugwa wa nchi za baridi) na Hungaria ni mbali hasa, lakini neno la samaki bado unalitambua!

Halafu nomino zao jamani. Sisi tunasema "mi mwalimu" imeisha, Mnenetsi anaichukua nomino yenyewe anaipachika kiambishi cha nafsi mwishoni kama kitenzi, na akitaka anaongeza na cha wakati uliopita. Tena wana umoja, wingi, na umbo lingine la vitu viwili tu.

Somo la Kikamasi, lugha nyingine ya Kisamoyedi, lilinitoa machozi. Msemaji wa mwisho alikuwa bibi mmoja, Klavdiya Plotnikova, amefariki 1989, na mwanaisimu wa Estonia Ago Künnap aliwahi kumrekodi miaka ya 60. Wanakuwekea sauti yake, unamsikia kabisa anavyovuta pumzi kabla ya neno, afu unakumbuka lugha hii hakuna tena mtu aliyekulia ndani yake.

Sasa kilichonikera, masomo yote ya Kisamoyedi wameyasukumia wiki ya mwisho, Kienetsi na Kiselkupu wamebanwa kwenye video moja. Na ule mchoro wa ukoo unaonyesha Kisamoyedi kilijitenga kwanza, Kifini na Kihungaria wakabaki pamoja, kama vile hakuna anayebisha, wakati wanaisimu wapo kibao wanaokataa huo mgawanyo. Nikauliza, nikasubiri wiki mbili, nikajibiwa niangalie mchoro. Huo huo ninaouulizia! Mtu kalipa hela yake, mwelezeni kwamba bado kuna mjadala.

Bei ni ya kawaida na video zinafunguka vizuri kwenye simu. Kama unatafuta sarufi ya Kinganasani kwa undani haitakutosha, ila kwa kuanzia ichukue, na ile sauti ya bibi Plotnikova isikilize kwa hedifoni.