Sabuni za kunyolea za mafuta ya mimea: ipi ununue ukiwa Moshi

Nanyoa ndevu kila siku, Jumapili ikiwemo. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa mjini, na mapokezi hakuna mtu wa kuvumilia kidevu chenye vinyweleo. Kwa miaka mingi nilinyoa na sabuni yoyote niliyoikuta bafuni, ya kuogea au ya mche. Shingo ndiyo iliyoumia: kipele kimoja kikikauka, kingine kinaota pembeni yake. Mwaka huu, baridi ya Juni ilipoanza, niliamua kuzijaribu sabuni za mafuta ya mimea moja baada ya nyingine, kila moja wiki mbili. Wembe ulikuwa wa aina ileile, maji yaleyale ya bomba, na shingo yangu ileile.

Kwanza tuelewane kuhusu povu, maana hapo ndipo wengi tunapotupa hela. Tunaona sabuni inatoa povu jingi, tunasema hii kali. Lakini kazi ya povu la kunyolea ni kushika maji. Unywele wa ndevu ukiwa mkavu ni mgumu, ukilowa vizuri unalainika na wembe unaupita bila kuuvuta. Povu linashikilia maji pale kwenye unywele kwa muda wote wa kunyoa, na pia linautelezesha wembe. Povu la mapovu makubwa likitoweka baada ya dakika moja, limekuacha na wembe juu ya ngozi kavu.

Tofauti hiyo inatoka kwenye mafuta yaliyopikwa. Mafuta ya nazi, na mise pia (mafuta ya kokwa za mchikichi), hutoa povu la haraka na kubwa, lakini halidumu, na yakizidi sana ngozi hukauka na kukaza. Mawese hutoa povu dogodogo, zito kama maziwa ya mgando, linalokaa. Mafuta ya nyonyo, yakitiwa kidogo, huongeza utelezi na kulishikilia povu. Sabuni nzuri ya kunyolea inataka mafuta yote matatu, nazi, mawese na nyonyo, au badala yake asidi ya steariki, asidi ngumu inayotolewa kwenye mafuta, ambayo ndiyo mhimili wa karibu kila sabuni ya kunyolea ya kiwandani. Kisha kuna dawa ya kupikia, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kostiki soda hutoa sabuni ngumu isiyoyeyuka haraka; potashi hutoa sabuni laini inayoshika brashi mara moja. Ndiyo maana kwenye lebo za sabuni za kunyolea utakuta neno "potassium", yaani ya potashi, karibu na mwanzo. Ukikuta "tallowate", hayo ni mafuta ya mnyama. Arko ya Uturuki, kwa mfano, ni sabuni ya kunyolea inayosifiwa na wengi, lakini ina mafuta hayo, kwa hiyo sikuipanga humu.

Sasa nipange.

Nafasi ya kwanza naipa sabuni maalumu ya kunyolea inayouzwa kwenye kibakuli, iliyopikwa kwa potashi. Niliyonayo ni Proraso, ya kampuni ya Florence, Italia, iliyoanza mwaka 1908, aliniletea binamu. Orodha yake inaanza na maji, asidi ya steariki na mafuta ya nazi. Nilichukua ile ya kijani, yenye mkaratusi na mentholi. Asubuhi ya Julai, maji ya baridi na mentholi vikikutana shingoni, unaamka kweli. Lakini kilichonifanya niiweke juu ni povu: nililipaka saa 12:10, simu ikaita, nikazungumza na mama mpaka 12:18, nikarudi kwenye kioo na povu bado lilikuwa limeloa. Upande wa pili niliunyoa bila kupaka upya. Mwenye ngozi nyepesi kuwaka atafute ile nyeupe, yenye chai ya kijani na shayiri, maana mentholi inaweza kumchoma.

Kasoro yake ni kuipata. Kama huna mtu wa kukuletea, utatafuta duka kwa duka. Usiogope bei kabla hujapiga hesabu: kunyoa mara moja kwa brashi hutumia kama gramu moja ya sabuni. Gramu 100 zinakupeleka karibu miezi mitatu ukinyoa kila siku. Gawanya bei kwa siku, ndipo ulinganishe na kopo la povu la kubonyeza.

Nafasi ya pili, na hapa najua wengine watabisha, naipa sabuni ya kienyeji ya mikono, ile wanayopika akina mama na kuikata vipande. Siyo kila moja. Nazungumzia ile yenye nazi, mawese na nyonyo, iliyokaa muda wa kutosha tangu ipikwe.

Muda huo ndio siri yote. Sabuni iliyopikwa bila moto mwingi inahitaji wiki nne hadi sita kwenye hewa ili maji yatoke, igande vizuri na iwe pole kwa ngozi. Mwaka juzi nilinunua kipande kwa mtu aliyekuwa akitembeza, bado kina unyevunyevu, nikakinyolea kesho yake. Shingo iliwaka siku mbili, nikawa navaa kola wazi kazini na kuomba radhi. Safari hii nilikwenda soko la Mbuyuni nikiwa na maswali.

"Mama, hii imetiwa mafuta gani?"

"Nazi na mawese, mwanangu. Na nyonyo, hizi za pembeni."

"Imekaa muda gani?"

Akakigeuza kipande, akakibonyeza kwa dole gumba. "Hii ni ya wiki mbili. Unataka ya nini?"

"Ya kunyolea ndevu."

"Basi hii usichukue. Au ichukue, uiweke kabatini mwezi ukatike."

Muuzaji anayekujibu hivyo, nunua kwake, na urudi kwake. Nilichukua vipande viwili, nikavifunga kwenye karatasi ya gazeti na kuviweka juu ya kabati la nguo. Baada ya wiki tano dole gumba halikuacha alama. Nilipaka povu kidogo kwenye kifundo cha mkono, nikaliacha dakika tano. Hapakuwaka, hapakuwashwa. Ndipo nikanyoa.

Povu lake ni jepesi kuliko la kibakuli, kwa sababu wapikaji wengi hutumia kostiki, na kwangu lilianza kukauka baada ya dakika nne hivi. Dawa ni mbili. Mwagia kijiko cha maji ya moto juu ya kipande, ukiache wakati unanawa uso, ndipo uingize brashi. Na tone mbili tatu za glisirini ya duka la dawa kwenye povu lenyewe hulifanya likae na liteleze. Nikifanya hivyo, tofauti na ile ya Italia inakuwa ndogo sana, na fedha imebaki hapahapa mjini. Ubaya wake ni kwamba mpiko huu na ule haulingani. Kipande cha kwanza kilikuwa safi kabisa; cha pili, cha mama huyohuyo, kilikuwa na nazi nyingi zaidi na kiliniacha na uso uliokaza mpaka mchana.

Nyingi utakuta zimetiwa mwarobaini, mchaichai, alovera au karafuu. Kwa kunyolea, chagua isiyo na karafuu. Ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe haiihitaji, na kwangu ilichoma. Mchaichai unanukia vizuri, basi.

Ya tatu ni krimu ya tyubu. Nyingi ni sabuni ileile ya asidi ya steariki na potashi, ila imeongezwa maji, kwa hiyo unalipia maji. Inafaa kwa asiye na brashi, na kwa siku umechelewa daladala. Nne, sabuni ya kifimbo: unasugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizoloa, halafu unatengeneza povu usoni kwa brashi au kwa vidole. Ni nzuri safarini. Nimeishusha kwa sababu ukiisugua shingoni penye vipele inavikwaruza.

Ya mwisho ni sabuni ya kawaida ya kuogea, hata iandikwe ni ya mimea kwa herufi kubwa kiasi gani. Imetengenezwa isuuzike upesi, na kunyoa kunataka kinyume chake. Ya mche usiikaribishe usoni kabisa.

Kuhusu maji: ya bomba hapa Moshi, yanayotoka kwenye chemchemi za chini ya mlima, yananipa povu bila shida. Lakini nilipokwenda kwa shemeji anayetumia kisima chenye maji magumu, sabuni ileile ilitoa utando mweupe uliogandia beseni. Maji ya mvua yalimaliza tatizo. Kwa hiyo kabla hujailaumu sabuni, ijaribu kwa kikombe cha maji ya mvua.

Na kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, sabuni peke yake haiondoi vipele. Unywele wa namna hii ukikatwa karibu mno na ngozi unabaki na ncha kali, kisha unajikunja na kuingia ndani. Nyoa ukifuata ndevu zinakolala, usiivute ngozi, wembe mkweche utupe. Shingoni kwangu ndevu za kulia zinalala kwenda juu na za kushoto zinashuka. Nililigundua hilo kwa kupapasa kwa kidole ndevu za siku mbili, nikiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Tangu nifuate mkondo huo, vipele vimepungua zaidi ya nilivyotarajia. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, pitisha kipande cha shabu penye mikwaruzo, kisha mafuta kidogo.

Kipande cha sabuni usikiache kwenye dimbwi la kisosi. Mimi nimekiweka juu ya vijiti viwili vya mwanzi ili maji yachuruzike, na brashi naining'iniza manyoya yakiangalia chini. Kibakuli cha Italia nakihifadhi kwa siku za zamu ya alfajiri. Siku nyingine zote natumia sabuni ya Mbuyuni, na juu ya kabati kuna vipande vinne vinavyosubiri mwezi wao.