Diski za filamu za kauboi: kagua ndevu kabla hujaridhika

Mwezi uliopita nilinunua diski ya Blu-ray ya filamu ya kauboi ya miaka ya 1950, yenye lebo ya dhahabu iliyodai kwamba picha yake imesafishwa upya. Ilikuwa imesafishwa kupita kiasi. Mhusika mkuu, aliyekaa jangwani siku kadhaa bila kunyoa, alikuwa na mashavu laini kama sanamu ya nta, na vumbi lililotimuliwa na farasi wake lilimfuata kama moshi ulioganda.

Kwa hiyo sitazungumzia sauti wala idadi ya mistari ya picha, kwani hayo yameandikwa kwenye kasha. Nitazungumzia chembe. Filamu ya zamani ilinasa mwanga kwa chembe ndogo za chumvi ya fedha zilizopakwa kwenye ukanda, na alama za hizo chembe ndizo picha yenyewe. Programu ya kuziondoa, ikitumiwa bila kiasi, haitofautishi chembe na vinyweleo, nyuzi za shati au changarawe za mbali. Hufuta vyote pamoja. Simamisha picha pale uso unapojaa kioo, sogea karibu, kisha tazama kidevu. Kama huoni vishina vya ndevu, umeuziwa nta.

Kati ya kampuni zinazotoa diski za filamu hizi, nafasi ya kwanza naipa Criterion ya Marekani, na sifichi kwamba naipenda. Diski yake ya 2016 ya One-Eyed Jacks (1961), filamu pekee iliyoongozwa na mwigizaji Marlon Brando, inatokana na VistaVision, mfumo ambao ukanda wa milimita 35 ulipita kamerani kwa ulalo ili kila picha ipate eneo kubwa zaidi. Chembe zake ni ndogo na hai. Kwa Stagecoach (1939) negativu ya awali, yaani ukanda wenyewe uliopita kamerani, ilikwisha potea, hivyo mikwaruzo inaonekana waziwazi, nami naipokea mikwaruzo hiyo kwa moyo mmoja kuliko kupoteza mikunjo ya uso wa mwigizaji wake John Wayne.

Ya pili ni Warner Archive, kwa The Searchers (1956), toleo la 2024 la 4K, yaani diski yenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida; filamu hii nayo ni ya VistaVision. Kama ningepanga diski moja moja badala ya kampuni, hii ingekuwa juu ya zote, maana majabali mekundu ya Monument Valley yanaonekana hadi nyufa zake.

Ya tatu ni Kino Lorber, kwa The Good, the Bad and the Ugly (1966), 4K ya 2021, iliyorekebisha umanjano uliokuwa umeenea katika urejeshaji wa 2014. Filamu hii ilipigwa kwa Techniscope, ambayo ilitumia nusu ya ukanda wa kawaida ili kubana matumizi, kwa hiyo chembe zake ni kubwa kwa asili na hazipaswi kuhesabiwa kuwa kasoro.

Makasha ya bei nafuu yenye filamu nyingi katika diski moja yaache.

Linaloniumiza zaidi ni ukimya wa wauzaji. Blu-ray nyingi hufungiwa eneo moja la dunia, zisicheze kwenye mashine za eneo jingine. Afrika iko eneo B, ilhali Blu-ray za Criterion za Marekani zimefungiwa eneo A, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kunieleza hivyo kabla ya kupokea fedha zangu. Bei rasmi ni dola 39.95 kabla ya usafirishaji na ushuru, kwa diski ambayo mashine yako inaweza kuikataa. Diski za 4K hazina kufuli hilo, na tangu 2016 Criterion inauza pia matoleo ya Uingereza ya eneo B, ingawa orodha yake ni fupi zaidi.

Nilipoirudisha diski ile ya nta, niliambiwa kwamba nailoni imeshafunguliwa, hivyo haipokelewi. Hakuna njia ya kukagua uso wa mtu ndani ya kasha lililofungwa. Andikeni basi juu ya kasha mwaka ambao filamu ilipigwa skani, na kama ilitoka kwenye negativu ya awali au kwenye nakala.