TAHADHARI: Mafundi wa rangi wanaopita majumbani na keri, Unguja

Asalam aleikum ndugu zangu. Someni hii, na muwasomee wazee wenu, hasa wale wanaobaki peke yao nyumbani mchana. Hao ndio wanaofuatwa.

Nyumba ni ya mama yangu, Bububu, upande wa karibu na bahari. Ramadhani iliyopita, baada ya Alasiri, vijana wawili walipiga hodi, keri yao, kile kigari kidogo cha mizigo, imepakia ndoo za rangi. Wana adabu kwelikweli, shikamoo mama, swaumu mama. Mmoja akabandika kiganja ukutani, akakiburuta kidogo, akamgeuzia mama: mkono mzima unga mweupe. "Mama, rangi hii imekufa. Masika ikiukuta ukuta hivi, plasta yote itakuja chini." Akatoa kisu, akakwangua pale chini karibu na msingi, rangi ikabanduka. Mama akaingia hofu. Na Idd ile pale, nani asiyetaka nyumba yake ing'ae sikukuu?

Wakamwambia rangi yao ni ya nje, imebaki kwenye kazi ya hoteli, ndoo ya lita 20 ni shilingi 110,000, nusu ya bei ya dukani. Ndoo nne na ufundi wa 240,000, jumla 680,000, taslimu. Mama akatoa fedha zake za upatu. Mimi nilikuwa Pemba kikazi, na hakutaka kunisumbua kwa simu. Siku mbili tu kazi ikaisha.

Nilirudi mkesha wa Idd, na usiku ule, kwa taa ya barazani, nilisema masha Allah. Mvua kubwa ya kwanza baada ya sikukuu ndiyo iliyotufumbua macho. Maji yaliyoteremka ukutani yalikuwa meupe kama tui la pili, yakajaa barazani, yakaharibu kanga mbili zilizoanikwa kwenye kamba. Wiki ya tatu kuta zikaanza kuchubuka kama mtu aliyeungua jua. Nikabandua gamba moja kubwa kama kiganja, nikaligeuza. Nyuma yake lote limejaa unga wa rangi ya zamani, ule ule aliomwonyesha mama mkononi. Yaani waliuona, wakautumia kumtisha, kisha wakapaka juu yake bila hata kupitisha brashi na maji.

Ndoo walizoziacha uani nazo zilisema. Chini ya moja kuna tope zito la chokaa, limekwama kama ugali. Utepe wa mfuniko, ule unaochanwa mara ya kwanza ndoo inapofunguliwa, umerudishiwa kwa gundi. Ndoo ni za kampuni inayojulikana, kilichomo si chake. Kampuni siilaumu, ndoo tupu zinauzwa kila mahali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile dalili ilikuwa ya kweli. Unga ule hautokani na uchawi wao. Jua la huku kwetu linakula gundi iliyomo kwenye rangi, ikiisha inabaki poda tu, na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la mchana ndio unaoanza. Unga kidogo si msiba. Chukueni kikombe cha maji mrushie ukutani. Maji yakiteremka na kuacha ukuta kama ulivyokuwa, rangi bado inafanya kazi yake, osheni tu. Ukuta ukiyanywa papo hapo na kubaki na doa jeusi la maji, basi umeshakuwa wazi, na hapo kweli panahitaji kazi: kusugua kwa brashi ngumu, kuosha, kuacha ukauke, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), ndipo rangi mikono miwili, yaani matabaka mawili. Anayeruka kutoka kwenye unga moja kwa moja hadi kwenye rola anakuibia, hata kama rangi yake ni halali.

Na ile ya kisu chini ya ukuta msiikubali. Chini ya kila nyumba ya huku matone ya mvua yanaruka kutoka ardhini, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi na chumvi inapanda nao. Pale patabanduka hata kwa nyumba iliyopakwa mwaka jana. Aende akwangue usawa wa kifua, tena pande zote nne. Au fanyeni wenyewe: kateni alama ya msalaba kwa wembe, bandikeni solotepu, ichomoeni kwa nguvu. Ikitoka na magamba, rangi ya chini haishiki, na hakuna rangi ya juu itakayoshika.

Weusi na kijani kijani ni jambo jingine. Kwa mama uko upande wa kusi wa nyumba, ukuta ambao tangu masika hadi mwisho wa kipupwe hauoni jua sawasawa, na mwembe umeufunika. Tieni tone la jiki. Ukipauka ndani ya dakika moja mbili ni fangasi, usipopauka ni uchafu. Fangasi inaoshwa kwa jiki na maji, kipimo kimoja kwa vitatu, inaachwa robo saa, inasuuzwa. Vaeni glavu, na msithubutu kuichanganya na asidi ya kusafishia choo, inatoa hewa inayoua. Ukiipaka rangi juu fangasi iko hai, inarudi.

Malengelenge yakitokea, toboeni moja. Ukikuta plasta yenye unyevu, maji yanatoka ndani ya ukuta: tafuteni bomba linalovuja, mfereji wa bati uliotoboka, au ufa dirishani. Hapo hata mkinunua rangi ya bei gani ni kazi bure mpaka maji yazuiwe.

Rangi iliyopauka tu, ukuta mzima, maji hauyanywi, hiyo ni hamu ya kupendezesha. Si ugonjwa, na hakuna haja ya kukimbizana na mvua kwa sababu yake. Miaka hii Idd el Fitri inaangukia Machi, masika ndiyo inabisha hodi. Ngojeni upepo wa kusi ukaushe, Julai, Agosti. Fundi mkweli atakwambia hivyo hata kama yeye anakosa kazi leo.

Hesabu nayo. Kuta za nje za mama, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 130. Lita moja ya rangi nzuri ya maji, kwenye plasta laini, inakwenda kama mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 26, ndoo mbili na zinabaki. Alilipia lita 80, na bado rangi ya zamani inaonekana kwa chini! Rangi ya maji inaongezwa maji kidogo tu, kama ilivyoandikwa kwenye ndoo. Jirani aliwaona wakimimina madumu ya maji.

Wenye nyumba za Mji Mkongwe nawaomba zaidi. Vijana hao hao, au wenzao, walifika kwa shangazi yangu Kiponda na ndoo zile zile. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa rangi ya plastiki au plasta ya saruji, maji yanabaki ndani na kuozesha chokaa. Zinataka chokaa, na kabla ya kazi waulizeni Mamlaka ya Mji Mkongwe. Shangazi alishukuru tu akafunga mlango.

Simu yao haipatikani. Nimempa taarifa sheha, nimekwenda polisi, na malalamiko nimeyapeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na picha za ndoo na lile gamba. Mliotapeliwa, tafadhali wekeni picha zenu pia, msione aibu. Mama yangu alikaa wiki nzima hataki kutokeza barazani kwa kuona haya, na yeye hakufanya kosa lolote.

Juzi nimeambiwa wapo Mwera, keri nyeupe, wanapapasa kuta. Wakibisha kwenu, waambieni wafungue ndoo mbele yenu, wachovye kijiti hadi chini kabisa, na fedha isitoke kabla ukuta haujaoshwa.